Chuo au mikarafuu ya marehemu baba? Nna watoto wawili na kichwa kinaniuma, nisaidieni

UmmuWawili:
Asalam alaykum ndugu zangu. Mie mtu wa Mtambwe, Pemba, ila saizi nakaa Fuoni na wanangu, mkubwa yuko darasa la pili mdogo ana miaka mitatu. Nimeachika, eda nshamaliza kitambo, hayo tuyaache. Nasomesha maandalizi skuli moja ya binafsi, nna stashahada, na mshahara wenyewe ukishatoa kodi ya nyumba na daladala na msichana anonishikia mdogo unabaki wa dagaa tu. Sasa nimepata nafasi ya digrii ya ualimu SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, kule Tunguu, miaka mitatu. Niliomba kimyakimya hata mama sikumwambia mpaka jina lilipotoka.

Sasa mtihani ndo huu. Baba alifariki mwaka juzi akaacha shamba la mikarafuu, mingine kapanda yeye mingine ya tangu babu yake. Tuko watatu, kaka wawili na mie, na mama yu hai yuko hukohuko. Mirathi mpaka leo haijagawiwa, kila ukiuliza unaambiwa tusubiri. Juzi kaka zangu wamenipigia kwamba kuna mtu wa Chake anataka kulikodi shamba misimu mitatu, hela yote anaitoa mkononi, na fungu langu litalipa ada ya mwaka wa kwanza na chenji itabaki, "si unataka kusoma weye?" Na kweli nataka, wallahi nataka. Lakini mama hataki kusikia, anasema baba hakukodisha hata miaka mibaya, na anataka mie nirudi nyumbani na watoto nisimamie uchumaji kwa vile mie ndo nilokuwa nikifuatana na baba shamba toka mdogo. Kaka mmoja yuko Dar, mwengine ana duka Wete hata karafuu ipi ya kuchuma ipi bado hawezi kukwambia.

Nikichukua hela naonekana nimeuza jasho la baba. Nikirudi Mtambwe chuo ndo basi tena, maana sidhani kama ntapata moyo wa kuomba mara ya pili. Nisomeni kwa upole jamani.

Bachela_wa_Fuoni:
Chukua hela soma dada. Mikarafuu haitoi cheti.

Mzee Kangagani:
Waalaykum salaam mwanangu. Huyo mtu wa Chake simjui lakini namjua 😂. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, ukibeba sana mwaka huu unofuata unapumzika, na kila baada ya miaka kama minne unakuja mwaka mkubwa. Anokodi misimu mitatu keshapita shambani kaitazama miti mmoja mmoja, hakurupuki, anajua mwaka mkubwa umo ndani ya hiyo mitatu. Muulize kakaako mara ya mwisho mlichuma sana mwaka gani, akishindwa kujibu basi anauza kitu asokijua bei yake.

La pili ambalo watu wa mjini hamlioni, mkodi hapalilii wala hapandi mche. Wachumaji wanalipwa kwa pishi, na mwenye shamba asipokuwepo wanavuta tawi mpaka linakatika wafikie zile za juu, mti si wao na mwakani hawapo. Nimeona mashamba hukuhuku kwetu yalorudi kwa wenyewe nusu ya miti imekauka vichwa. Hiyo ndo sababu babaako alikuwa hakodishi, si ukaidi.

Kijana_Msema_Kweli:
Kwani mtoto wa kike ana fungu kwenye mikarafuu? Kwetu sie dada zetu wanapewa kanga na karafuu za kutia chai wanaridhika

Ukht Rayhana:
Kijana, Qur'ani Suratun Nisaa aya ya 11 na ya 12 umeziruka au madrasa ulikuwa unalala?

UmmuWawili nisikilize vizuri. Kama baba hakuacha mzazi wake hai, na madeni yashalipwa na hakuna wasia, hesabu yenu ni hii: mama thumni, yaani moja ya nane, kinachobaki mwanamme mafungu mawili na mwanamke moja. Gawa shamba arubaini, mama 5, kila kaka 14, weye 7. Ndo lako hilo, halihitaji ruhusa ya mtu. Na kaka zako kwa pamoja wana 28 kati ya 40, ni nyingi lakini si shamba zima, kwa hiyo hawana haki ya kumkabidhi mtu wa Chake fungu la mama na lako kwa maneno ya simu. Wakikodisha kabla ya mgao na weye ukapokea hela, kesho ukidai utaambiwa si ulikula?

Nenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kazi yao ndo hiyo, wana afisi Pemba pia. Mkigombana linakwenda kwa Kadhi. Na uangalie kitu kimoja, kama ndani ya shamba kuna kipande kilichotokana na zile eka tatu walogaiwa watu baada ya Mapinduzi kiseme mapema, kwa sababu eka zina masharti yake. Ardhi yenyewe kisheria ni ya umma, ila haki ya kuitumia na miti ndo mnayorithi.

Bachela_wa_Fuoni:
Haya mie nimekaa kimya, hesabu zimenishinda 😅

Mama Nassor TZ:
Shoga mie nataka kusema la watoto maana wote mnazungumza karafuu tu. Nimesoma Tunguu na mtoto mchanga. Mkubwa wako si tatizo kabisa, asubuhi skuli, alasiri madrasa, anarudi magharibi, siku imekwisha. Kazi iko kwa mdogo. Usikae na msichana peke yako, tafuta mama mwengine mtaani mwenye mtoto wa umri huo mchangie msichana mmoja, gharama inashuka na watoto wanacheza pamoja. Ila kipindi cha mitihani mtu wako wa damu lazima awepo, msichana anaweza kuondoka hata usiku wa mtihani, mie yalinikuta.

Na watu watakwambia wapeleke Pemba kwa bibi yao. Mie sikufanya na nisingekushauri, miaka mitatu mtoto mdogo anasahau. Wengine wamefanya na watoto wako sawa, sisemi ni dhambi. Na babaao je, anatoa?

UmmuWawili:
@Mama Nassor anatoa akijisikia. Mwezi huu elfu hamsini, mwezi ujao salamu. Nikimkumbusha anasema basi niletee wanangu, na mie hapo ndo naogopa nanyamaza.

@Mzee Kangagani shkamoo babu. Umenikumbusha kitu, mwaka mkubwa wa mwisho baba alikuwa bado mzima, na baada ya hapo tumekuwa tukipata kidogokidogo tu. Kwa hesabu yako mwaka mkubwa uko karibu sana.

Ukht Rayhana:
Hilo la "niletee wanangu" ni kukutisha tu. Hadhana, yaani kukaa na kulea watoto wadogo, ni ya mama, na matumizi ni wajibu wa baba, si sadaka. Usiyachanganye na yeye asiyachanganye. Fungua dai la matunzo kwa Kadhi wa wilaya. Kama unaogopa kwenda peke yako wapo Kituo cha Huduma za Sheria na ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake, na kwenye shehia nyingi kuna wasaidizi wa sheria hawakutozi kitu. Matunzo yakija kila mwezi kwa amri, hela ya msichana ishapatikana na hiyo haja ya kukimbilia ya mkodi inapungua.

Mwalimu wa Konde:
Mie naona mnamlazimisha achague viwili tu. Kuna Chuo Kikuu Huria, kina kituo Unguja na kituo Pemba, unasoma huku unafanya kazi, hata akiamua kurudi Mtambwe anaendelea. Ni taabu kwa sababu hakuna wa kukusukuma, na wengi wanaanza hawamalizi, mie mwenyewe nimechukua muda mrefu kuliko walokwenda darasani. Tunguu kuna jambo moja zuri, ukiwa mwanafunzi wa muda wote unaweza kuomba Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar. Umeulizia mkopo au umeona ada tu ukaogopa?

UmmuWawili:
Sijaulizia mwalimu. Nilidhani mtu aloachika na watoto hawatampa.

Mwalimu wa Konde:
Dada yangu fomu haiulizi hayo unavyofikiri. Nenda kesho na barua yako ya kukubaliwa.

Kijana_Msema_Kweli:
Ok nimeisoma ile aya. Samahani dada. Lakini bado nauliza, mama yako mtu mzima, kaka hawako, nani atasimama shambani ukiwa Tunguu?

UmmuWawili:
Swali zuri na ndo lilonikosesha usingizi jana. Nimezungumza na mama asubuhi, nimemsomea nyote mlivyoandika, kacheka kwa huyo mzee wa Kangagani. Kasema mgao utangulie, na yeye kama mjane atakwenda Wakfu mwenyewe na kaka wa Wete ampeleke kwa gari, akikataa atapanda daladala na mtaa mzima utajua. Nami nimemwambia kaka wa Dar hakuna kusaini kitu. Kakasirika, hajapokea simu tena. Chuo nakwenda, hilo nshaamua, na watoto nabaki nao hapa Fuoni. Mama yuko tayari kuvuka kuja kukaa nami miezi ya mitihani kama msimu haujafungua.

Kilobaki, babu Kangagani, tukichuma wenyewe hela ya kuwalipa wachumaji tunatoa wapi kabla hatujauza? Baba alikuwa anaweka akiba, sie hatuna.

Mzee Kangagani:
Marahaba mwanangu. Kuna misimu ZSTC, shirika la serikali linonunua karafuu, wametoa mikopo ya kuchumia, mama akaulize kituo chao kilicho karibu mapema, asingoje karafuu ziive. Ukikosa, usichume shamba zima kwa pamoja. Anzeni na miti ilotangulia, wachumaji wachache mnaowajua, karafuu zikikauka mnapeleka, hela ile ndo inalipa wa zamu ya pili. Anikeni kwenye majamvi si sakafuni, daraja likishuka bei inashuka. Na makonyo, vile vikonyo vya karafuu, msiyatupe, yana bei yake pia, kiwanda cha Wawi kinayatoa mafuta. Mtu wa kusimama chini ya mti ndo muhimu. Hao wapwa wa mama wa hapo Mtambwe hakuna hata mmoja wa kuaminika?

UmmuWawili:
Yupo mmoja, binti wa khalati, kamaliza fomu foo hana kazi. Nampigia sasa hivi.