Baiskeli Jumamosi: Mombo–Soni–Irente

JUMATANO

[19:04] Zuhura: Asalaam aleikum jamani. Jumamosi iko palepale. Saa 12 kamili asubuhi tunaondoka Mombo, njia panda ya Lushoto. Si saa 12 na robo. Nataka majina leo.

[19:06] Zuhura: Mombo–Lushoto km 33, mwinuko karibu mita 1,000. Tukienda km 8 kwa saa ni masaa manne na kitu ya kukanyaga. Soni ni kama nusu ya njia, hapo tunajaza maji. Lushoto mjini saa 5. Halafu kama km 6 hadi Irente, pale juu ya jabali la kutazamia bonde. Kugeuza saa 8 mchana, uwe umefika hujafika.

[19:31] Mussa: Mie nimo. Sufuria la pilau anabeba nani? 😂

[19:32] Zuhura: Mussa, breki kwanza.

[19:40] Athumani Fundi: Nimo. Wenye gia, duara dogo la mbele liwe na meno 28 au chini, na la nyuma kubwa lifike 32 au 34. Badilisheni gia kabla kilima hakijaanza. Ukisubiri mpaka unakanyaga kwa nguvu zote ndipo ubadilishe, mnyororo unaruka au unakatika. Wenye Phoenix za gia moja msishindane na mwinuko, shukeni msukume. Magoti mtayahitaji hata Jumapili.

[20:15] Neema: 👍

[20:16] Zuhura: Neema, hilo dole ni unakuja au umesoma tu?

ALHAMISI

[06:50] Zuhura: Hadi sasa: mimi, Athumani, Mussa. Kikundi kina watu 14.

[06:58] Zuhura: Vya pamoja: tyubu za inchi 26 mbili, ya inchi 28 moja, viraka na solusheni, msasa, vijiti vitatu vya kubandulia tairi, spana 15, spana za L namba 4, 5 na 6. Kila mtu lita 2 za maji, ndizi, na koti. Msiniambie Mombo kuna joto. Juu mtafika mmelowa jasho, na kushuka na jasho kwenye upepo ule ndiko kunakoumiza.

[06:59] Zuhura: Na pampu. Kassimu?

[07:20] Mama Salimu: Si ilibaki kulekule Bumbuli.

[07:21] Mussa: 🤐

[07:41] Mama Salimu: Nasema tu. Ilinunuliwa kwa mchango wa wote.

[08:10] Kassimu: Pampu ipo mama. Mpira wa kichwani umepasuka, haishiki valvu. Nilishasema.

[08:11] Mama Salimu: Ulimwambia nani?

[08:30] Athumani Fundi: Mpira huo ukikaa juani hukakamaa, kisha hupasuka. Ilete dukani nibadilishe, ni kazi ya dakika tano. Na kila mtu atazame valvu zake. Pampu ile ni ya valvu nene. Mwenye nyembamba aje na adapta.

[08:33] Mussa: Mwenye nyembamba tutamjazia kwa mdomo 😂😂

[08:34] Neema: 😂😂😂

[08:35] Shemeji Rama: 😂 Mussa ana mapafu ya kutosha

[08:41] Zuhura: Nimeuliza pampu. Kassimu, leo au kesho?

[12:17] Mussa: Tukiwa Irente si tushuke moja kwa moja Mazinde? Inaonekana palepale chini.

[12:20] Zuhura: Inaonekana kwa sababu pale ni jabali, Mussa. Tunarudi tulikopitia.

[13:02] Athumani Fundi: Pancha: bondeni miiba ya migunga ndiyo adui. Ukitoa tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi pole pole mpaka mwiba ukwame, uuchomoe. Wengi wanaruka hapo, wanaweka tyubu mpya, inatoboka mita mia mbele. Kiraka: sugua kwa msasa, paka solusheni nyembamba, SUBIRI dakika 3 hadi 5 ikauke, ndipo ubandike. Ikiwa mbichi haishiki.

[13:05] Athumani Fundi: Tyubu yenye viraka isikae gurudumu la mbele. Kwenye mteremko mrefu rimu hupata moto na kiraka hulegea. Mbele wekeni tyubu nzima.

[21:48] Shemeji Rama: Maji matupu yanatosha?

[21:50] Zuhura: Hayatoshi. Chupa moja tia chumvi na sukari: lita 1, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Vijiko vya kusawazishwa, si vya kujaza. Kwa hiyo unakuja?

IJUMAA

[09:15] Babu Hoza: Nimesoma yote. Kupanda hakuna neno, mtu akichoka anakaa. Neno liko kwenye kushuka Soni. Kona zile basi linakuja upande wako. Breki inashikwa kabla ya kona, si ndani ya kona. Shika, achia, shika, achia. Ukiing'ang'ania muda wote rimu inaungua. Rimu ya chuma ikilowa haishiki, na huko ukungu unalowesha hata bila mvua. Asiye na breki mbili nzima asishuke kwa baiskeli, apakie kwenye gari. Irente iacheni, mtakwenda siku ya kulala Lushoto. Geuzeni saa 7. Na pampu ya watu irudi leo.

[09:16] Mama Salimu: Shikamoo baba. Ahsante.

[09:20] Athumani Fundi: Shikamoo babu. Tumesikia.

[09:21] Mussa: Shikamoo babu 🙏

[10:44] Zuhura: Shikamoo babu. Sawa.

[10:52] Zuhura: Ila tukifika Lushoto saa 4 na nusu, Irente kwenda na kurudi ni saa moja na nusu. Saa 7 bado tunaiwahi.

[10:53] Mama Salimu: Zuhura.

[10:55] Zuhura: Nimeeleza tu mama.

[14:30] Athumani Fundi: Leteni baiskeli nikague. Raba za breki zikibaki chini ya milimita 3 nabadilisha. Waya uliochanua uzi hata mmoja nautoa. Mkono wa breki ukigusa usukani, baiskeli hiyo hupandi.

[17:26] Zuhura: Waliokaguliwa: mimi, Rama. Mussa?

[17:40] Mussa: Raba ya nyuma imekwisha. Fundi una zangu?

[18:58] Athumani Fundi: Zipo, njoo. Nafunga saa 2. Pampu haijafika.

[18:59] Zuhura: @Kassimu

[20:21] Neema: Hivi ni Jumamosi hii? Yangu ni 28, hiyo tyubu moja ni ya nani?