Mama ana presha, goti limesagika, vidonge kakatazwa. Jeli ya kupaka inaingia kweli?

Binti wa Hombolo

Mbukwenyi wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa walio kwenye mambo ya dawa au wanaouguza wazazi.

Mama yangu ana miaka 67, yuko Hombolo, Dodoma, maisha yake yote ni shamba la zabibu. Anayeijua kazi hiyo anajua magoti yanavyoteseka: unapalilia umechuchumaa chini ya mizabibu, halafu unainuka na kreti. Goti la kulia linamsumbua mwaka wa tatu sasa, na picha ilionyesha limesagika. Alikuwa anajinunulia vidonge vya maumivu vya diklofenaki duka la dawa la kijijini, viwili kwa siku, akizidiwa vitatu, karibu mwaka mzima. Mwezi uliopita tukampeleka hospitali mjini kwa sababu tumbo lilikuwa linawaka moto. Presha ikakutwa 178 kwa 102, na dawa za presha anameza kila siku bila kukosa. Daktari akasema vile vidonge vikome siku hiyo hiyo, akamwandikia jeli ya diklofenaki ya kupaka.

Mama haiamini kabisa. Ananiambia, "Mwanangu, maumivu yako ndani ya mfupa, wewe unanipaka juu kama mafuta ya mgando?" Siku mbili za kwanza alipaka kidogo tu, akaona hakuna kitu. Ya tatu akaamua kuisaidia iingie: akalikanda goti kwa maji ya moto, akapaka, akazungushia mfuko wa nailoni, akafunga kanga juu yake, akalala hivyo. Nimefika Jumapili ngozi imekuwa nyekundu, ina malengelenge mawili kama punje za mahindi, na inamuwasha. Tyubu kaiweka dirishani jua linaipiga. Na ananibembeleza nimletee vidonge vyake kimya kimya, daktari asijue.

Hii dawa inapita kweli kwenye ngozi? Apake kiasi gani? Na kama inapita, si itampandisha presha vilevile?

Kaka wa Majengo

Pole sana dada. Mimi naona hizi za kuchua ni za kupooza tu, unasikia kaubaridi basi. Baba yangu alichomwa sindano kwenye goti, akakaa vizuri miezi kadhaa. Ongeeni na daktari kuhusu sindano.

Mfamasia Kizota

Dada, pole kwa kuuguza. Kwanza kabisa usimpelekee vile vidonge, hata akilia. Diklofenaki ya kumeza inafanya figo zibakize chumvi na maji mwilini, presha inapanda, na dawa zake za presha zinapungua nguvu. Tumbo nalo linachubuka. Mama yako yamempata yote mawili.

Sasa kuhusu kuingia. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokufa zilizopangana kama ukuta wa tofali, na udongo unaozishika ni mafuta. Maji matupu hayapiti hapo kirahisi. Dawa inayopita lazima chembe zake ziwe ndogo na ziweze kupatana na mafuta, na diklofenaki ni mojawapo. Jeli yenyewe ni maji na mara nyingi spiriti kidogo. Spiriti ikiruka, ndiyo ule ubaridi, dawa inabaki imekolea juu ya ngozi na kusukumwa ndani taratibu. Kwa hiyo kaka wa Majengo yuko sawa kwamba ubaridi si tiba, ila chini ya ubaridi kuna dawa inayofanya kazi. Goti liko karibu na ngozi, inalifikia.

Kwenye damu inafika kidogo sana. Ikipakwa goti moja kwa kipimo chake kamili, inayoingia kwenye damu ni kama 6 kwa mia ya ile ya vidonge. Ndiyo maana daktari kambadilishia. Kidogo si sifuri, kwa hiyo presha iendelee kupimwa, na asipake mwili mzima.

Hilo la nailoni na maji ya moto limeniuma, kwa sababu nakutana nalo kila wiki. Joto na kuziba ngozi vinafanya dawa iingie kwa pupa na ngozi iungue. Angalia pia boksi limeandikwa nini. Jeli nyingi za hapa kwetu zimechanganywa diklofenaki, mentholi na methili salisileti. Hiyo salisileti ni ndugu wa aspirini, ukiifunga na nailoni inachoma. Asipake chochote mpaka malengelenge yakauke, wala msiyatumbue. Akianza tena bila kufunga na ngozi ikawasha vilevile, basi hiyo dawa haimfai, arudi kwa daktari. Mwenye pumu inayochochewa na aspirini naye asiiguse kabla ya kuuliza.

Mama Wawili

Naongeza la kwangu. Vidole vyangu vya mikono vilikuwa vinakakamaa asubuhi, nashona cherehani hapa Nkuhungu. Jeli ilinisaidia kweli, lakini baada ya kama siku nane, si mbili. Nikajaribu kwenye nyonga, hakuna kitu, tyubu mbili ziliisha bure. Nilipouliza nikaambiwa nyonga iko ndani mno, nyama nyingi. Mama yako ana bahati ni goti.

Binti wa Hombolo

Asanteni sana. Mfamasia, nimeangalia boksi, ni kweli ina hivyo vyote vitatu. Sasa kiasi? Yeye alikuwa anapaka kama punje ya harage.

Mfamasia Kizota

Hapo ndipo watu wengi wanaposema haifanyi kazi. Kipimo kamili cha jeli ya asilimia 1 kwa goti la mtu mzima ni gramu 4, mara 4 kwa siku. Piga hesabu: gramu 16 kwa siku, tyubu ya gramu 30 haimalizi siku mbili. Najua si kila familia inaweza. Maelekezo ya nchi nyingine yanaanzia gramu 2 mara 3, na mimi nawashauri wengi waanzie hapo, tyubu inafika siku 5. Kupima: kamua mstari kuanzia ncha ya kidole cha shahada mpaka kiungo cha kwanza. Huo ni kama nusu gramu. Mistari minne ndiyo gramu 2. Azungushe goti lote, mbele na pembeni, si pale panapouma tu. Hakuna haja ya kuchua kwa nguvu.

Akae kidogo ikauke ndipo avae, na asioge kwa saa nzima. Anawe mikono, maana akigusa jicho atajuta. Tyubu itoke dirishani leo, dawa hiyo inataka joto chini ya nyuzi 30, na jua la Dodoma mnalijua.

Mkienda duka lingine wakawapa jeli yenye ketoprofeni, dawa nyingine ya maumivu, ikataeni. Ngozi iliyopakwa ketoprofeni ikipigwa na jua inaweza kuungua vibaya, na tahadhari inaendelea wiki 2 baada ya kuacha. Mtu wa shambani atajifichaje na jua?

Nunueni yenye diklofenaki peke yake, bila mentholi wala salisileti. Mpeni wiki mbili za kupaka kila siku kabla ya kuihukumu. Goti likivimba ghafla, likawa jekundu na la moto, au akapata homa, hospitali siku hiyo hiyo.

Kaka wa Majengo

Mkuu nimekuelewa. Kumbe hata mimi nilikuwa nampaka mzee punje.

Mazoezi Makole

Dada, jeli peke yake haitoshi. Mama akae kwenye kiti, anyooshe mguu mbele, aushikilie sekunde 5, ashushe. Mara 10, asubuhi na jioni. Misuli ya paja ikipata nguvu, goti linapunguziwa mzigo. Mkimpata mtaalamu wa fiziotherapia hospitalini ni vizuri zaidi. Na kuchuchumaa kupungue, apate kigoda cha kukalia anapopalilia.

Binti wa Hombolo

Narudi na mrejesho. Malengelenge yalikauka, tukapata ya diklofenaki tupu, leo ni siku ya 16 ya kupaka mistari minne mara tatu. Mdogo wangu ndiye anapima, mama hajiamini na vipimo. Usiku analala mpaka asubuhi, zamani alikuwa anaamka mara mbili kulikanda. Kushuka kwenye bodaboda bado anashikwa mkono. Presha juzi zahanati ilikuwa 146 kwa 88. Vidonge hajaniuliza tena, ila kigoda kakikataa, anasema majirani watamcheka.

Mfamasia, tyubu ya tatu inaisha. Niendelee kununua tu?

Mfamasia Kizota

Nimefurahi sana. Kabla hujanunua nyingine mrudishe kwa daktari aliyeiandika, aone goti na aangalie figo. Nenda na maboksi ya dawa zake zote, pamoja na za presha.