Chura wa Australia anayekula funza wa miwa, hii ni kweli wakuu?

mkulima_bondeni: Wakuu habari za jioni. Nina shamba la miwa na funza weupe wananimaliza, wanakula mizizi mpaka ukivuta muwa unang'oka wote unabaki nao mkononi. Kuna jamaa kijiweni anasema Australia walileta chura mkubwa anakula hawa wadudu, kwanini na sisi tusimlete? Mwenye kujua anijuze, nipo siriasi.

Kiserema: Mkuu achana na hiyo kitu kabisa. Kumleta walimleta, 1935, chura 102 kutoka Hawaii wakazalishwa Gordonvale kule Queensland, na mwezi wa nane mwaka huohuo wakaanza kuachiwa mashambani. Sasa angalia, funza yuko chini ya udongo anakula mizizi, akishakuwa mbawakawa anaruka anakaa juu kwenye majani, chura yeye hapandi juu na hachimbi kufuata mizizi, watakutana wapi? Alikuwepo mtaalamu wa wadudu anaitwa Walter Froggatt alipinga mapema tu, serikali ikasimamisha kidogo, 1936 wakaendelea kuachia.

mkulima_bondeni: Duh. Kwahiyo wadudu hawakupungua? Na hao chura je?

binti_wa_porini: Wadudu walibaki palepale, chura ndo wakasambaa. Jike moja linataga mayai elfu 8 mpaka elfu 30 kwa mkupuo mmoja. 2001 wakaingia hifadhi ya Kakadu, 2009 wakavuka mpaka wa Australia Magharibi. Mi kinachoniuma ni wanyama jamani. Huyu chura ana tezi mbili kubwa nyuma ya macho, akibanwa zinatoa maji mazito meupe kama maziwa, hiyo ndo sumu yenyewe, na Australia haikuwahi kuwa na jamii hii ya chura kwahiyo wanyama wa kule hawana kinga wala hawajui kumwogopa. Kenge wakubwa, nyoka, mamba wa maji baridi, na kanyama kamoja kenye madoa meupe kanaitwa quoll, wote wanaona kitoweo wanang'ata wanakufa. Hata mayai na viluwiluwi vina sumu. Watafiti wameanza kuwalisha quoll soseji za nyama ya chura zilizotiwa dawa ya kichefuchefu, ili wakikutana na chura mwenyewe wasimguse, na kuna waliopona kwa njia hiyo.

bwanashamba_mstaafu: Hao Waaustralia kwenyewe baadaye walitengeneza dawa ya ukungu unaitwa Metarhizium, unawekwa kwenye udongo, funza akiugusa unamwotea mwilini anakufa, yaani unamfuata hukohuko aliko. Wewe mdogo wangu muulize afisa ugani wako kama hapo kwenu unapatikana, usinunue dawa ya kuambiwa na muuza duka. Na ukivunja shamba lima ligeuke vizuri, funza wakitokeza juu ndege na jua watakusaidia. Hayo mashina yako yana miaka mingapi tangu upande?