Tupeane uzoefu: Mfadhili alipoondoka, asasi yenu iliendeleaje na kazi mtaani?

Mratibu wa Mbagala

Wakuu, habari za leo. Nawakaribisha wote mnaofanya kazi au kujitolea kwenye asasi hapa Dar, kubwa na ndogo, zenye ofisi na zinazokutania barazani kwa mtu. Tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na Julai mwaka huohuo USAID, shirika lake la misaada, ikafungwa, mazungumzo yetu yamekuwa ni kuhesabu nani kapunguzwa kazi na nani kafunga ofisi. Yanauma, na sisemi tuache kuyasema. Ila kuna asasi zilizofungua mlango leo asubuhi kama kawaida, na kuna zilizokuwa na magari na ghorofa nzima ambazo zimebaki kibao tu getini. Nataka tuandike hapa nini hasa kilileta tofauti. Leteni mliyoyaishi wenyewe, siyo ya kusimuliwa. Na pale penye lawama tusitaje jina la asasi wala la mtu.

Naanza na yetu. Tunafanya kazi na wasichana walioacha shule, pamoja na mama zao, upande wa Mbagala na Charambe. Fedha nyingi zilikuwa zinatoka kwa shirika kubwa zaidi ambalo nalo lilikuwa linapokea kutoka nje. Baruapepe ya kusitisha iliingia jioni, ikitaka shughuli zote zisimame hapohapo. Kesho yake kulikuwa na darasa la ushonaji, na wasichana walikuja, vitambaa mkononi, vya kununua kwa hela zao wenyewe. Mwalimu wao aliuliza swali moja tu: hivi vyerehani ni vya nani?

Tukaufungua mkataba. Karibu vyote vilikuwa mali ya mradi, kila kimoja kimebandikwa namba, na mradi ukisimama vinaorodheshwa vikisubiri maelekezo. Vinne vya pembeni, vya miguu, vyeusi vya zamani, wazazi walichangishana wakavinunua kabla hata mfadhili hajatujua. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vyetu. Darasa likaendelea kwa zamu kwenye hivyo vinne, wengine wakikata na kupiga pasi wakati wenzao wanashona.

Pesa ya sindano, mafuta ya cherehani na umeme ilitoka kwa akina mama wa kikundi cha hisa. Wanakutana Jumamosi, sanduku lao lina kufuli tatu na kila ufunguo anao mtu tofauti. Kwenye kila kikao, mbali na hisa, kila mmoja anatia kidogo kwenye mfuko wa jamii, ambao kawaida ni wa ugonjwa na misiba. Walikaa, wakabishana sana (wapo waliosema wazi kwamba shida ya ofisi si msiba wao), mwisho wakakubali kutoa kwa muda maalumu, kwa sharti kwamba watakuwa wanaonyeshwa matumizi. Mkurugenzi wetu akafanya jambo ambalo namheshimu nalo hadi leo. Alibandika salio la benki ukutani, pale wanapokaa wasichana kusubiri darasa, na kila mwisho wa mwezi analibadilisha. Mishahara ilikuwepo pale, ukiwemo wa kwake, aliokuwa ameukata mwenyewe.

Sasa hivi wawili kati ya wale akina mama ni wajumbe wa bodi. Vikao vimekuwa virefu, maana hawapitishi kitu wasichokielewa. Karibuni.

Mtembea Mtaa

Asante dada kwa kufungua mada. Mimi ni mwelimishaji rika, maeneo ya Manzese na Tandale. Kazi yetu ilikuwa kuwafuatilia WAVIU (watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI) waliopotea kliniki: mtu hajaonekana tarehe yake, CTC, yaani kliniki ya matunzo na dawa, wanatupa orodha, tunamtafuta. Tulikuwa tunalipwa nauli na vocha. Vikakatika vyote viwili kwa siku moja.

Wengi hawajui kwamba kumtafuta mtu Manzese si suala la kuwa na anwani. Watu wanahama chumba kila kodi inapoisha. Namba ya simu leo inapatikana, kesho kauza laini. Anayejua nani kahamia wapi ni muuza maji, mama ntilie na mjumbe. Na hao huwezi kuwaambia unamtafutia nini mwenzio. Ndiyo maana hatukuwahi kuvaa fulana za mradi tukiwa kwenye ufuatiliaji, hata pale ofisi ilipotaka picha.

Tulichofanya: tuligawana mitaa upya, kila mmoja akachukua anapoishi ili aende kwa miguu. Kabla ya hapo nilikuwa natoka Manzese kwenda Mburahati, na wa Mburahati anakuja kwetu, eti kwa sababu ratiba ilipangwa ofisini hivyo. Pili, wenye hali nzuri siku hizi wanapewa dawa za miezi mitatu hadi sita, kwa hiyo tukakubaliana nguvu zetu ziende kwa wapya, wajawazito na vijana, maana hao ndio wanaoteleza. Tatu, wateja wenyewe waliokaa muda mrefu kwenye dawa wakaanza kushikana wawili wawili. Mmoja akisafiri, mwenzake anajua na anakumbushia tarehe.

Siwezi kusema hakuna aliyeumia. Wapo tuliowapoteza, na kuna dada mmoja bado natembea na tarehe yake kichwani. Kazi ya kujitolea ina mwisho, wakuu. Mtu akishinda njaa hawezi kumfuatilia mwenzake. Wawili kati yetu wameenda kuuza mitumba na siwalaumu hata kidogo. Nikiwaona nawaamkia kama zamani.

Hesabu Wazi

Mimi ni mhasibu, nimehudumia asasi kadhaa za Ilala na Kinondoni. Niongeze upande ambao watu hawaupendi.

Fedha zikikata, wa kwanza kupunguzwa huwa ni sisi. Ofisi inabaki na mkurugenzi na afisa mradi, halafu mwaka unaisha bila ripoti. Sheria ya NGO, Namba 24 ya mwaka 2002, inataka ripoti ya kazi na hesabu zilizokaguliwa kila mwaka, na ada ya mwaka kwa Msajili. Baada ya mabadiliko ya 2019, cheti chenyewe nacho kina ukomo wa miaka 10, hakiji chenyewe tena kama hukuomba. Nimeona asasi iliyoishi kwa michango ya waumini na majirani, ikapata mfadhili mpya aliyeipenda, kisha ikakwama kwa sababu ilikuwa na madeni ya ada na hesabu ambazo hazijakaguliwa. Uhai wote ule wa mtaani ukashindwa na karatasi.

Kwa hiyo mkipunguza watu, mkamfanyie mhasibu mpango hata wa siku chache kwa mwezi. Asasi tatu zenye ofisi jirani zinaweza kumlipa mmoja kwa pamoja, nimeifanya hiyo kazi na inawezekana. Na mkipata mkataba mpya unaozidi shilingi milioni 20, kumbukeni kuna siku 10 za kuupeleka Hazina na kwa Msajili. Furaha ya kusaini isiwasahaulishe.

Jingine: muwe na akaunti ya akiba isiyo ya mradi wowote. Hela ya kukodisha ukumbi wenu, hela ya kutoa mafunzo kwa wengine, michango ya wanachama, vyote viende huko. Fedha za mfadhili haziwekwi akiba, zikibaki zinarudi. Akiba ni ile mliyoitafuta wenyewe.

Mwana Mkwajuni

Samahani, mimi nitapingana kidogo. Mnasema wanajamii wachangie. Kwetu bondeni watu wanakula mlo mmoja. Mvua za Desemba 2011 zilipobeba nyumba za Jangwani na kwingineko, wapo majirani waliohamishiwa Mabwepande, mbali na kila walichokuwa wanakiuza. Ukimfuata mtu wa namna hiyo ukamwambia atoe elfu mbili ya kuendesha asasi, unamtukana.

Mratibu wa Mbagala

Kaka, una haki, na nashukuru umeliweka wazi. Kwenu mchango unakuwa nini basi?

Mwana Mkwajuni

Dada, kwetu mchango ni kujua. Niwape mfano. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar walipita kwenye kata na wakazi, wakichora mitaro, vichochoro, madaraja na mahali maji yanapofika. Mimi nilikuwa natembea nao. Mwanafunzi ana simu yenye GPS, lakini anayejua maji ya mwaka jana yalifika kwenye dirisha lipi ni bibi anayeishi hapo. Anatoka, anaweka kiganja ukutani: yaliishia hapa. Mwanafunzi anapima kutoka chini hadi kwenye kiganja cha bibi, anaandika.

Hicho ndicho kilichobaki. Mvua zikianza, kikundi chetu kinajua familia zipi zihamishe vitu kwanza, wazee wapi hawawezi kutembea, na mtaro upi ukizibwa na taka nyuma yake kote kunajaa. Tunazibua kabla ya masika, vijana wanatoa nguvu, mwenye toroli analeta toroli, msikiti unatoa uji, parokia inafungua ukumbi kwa wenye watoto. Hakuna aliyeombwa shilingi. Asasi yetu kazi yake ni kuita watu, kuhifadhi orodha na kuzungumza na mwenyekiti wa mtaa na manispaa. Ofisi hatuna, orodha iko kwenye daftari kwa katibu na nakala iko kwa mwenyekiti.

Bi Chamazi

Shikamooni wakubwa zangu, wengine marahaba. Mimi ni wa Shirikisho la Maskini Mijini, nilikuwa Kurasini. Bandari ilipotaka kupanuka, sisi wapangaji hatukuwa na fidia ya kutosha kuanzia maisha popote. Tulikuwa na vikundi vya kuweka akiba ya kila siku, mia, mia mbili, mtu anapita nyumba kwa nyumba kukusanya na kuandika. Vidogo hivyo, pamoja na wenzetu wa asasi ya CCI (Centre for Community Initiatives) waliotusaidia kitaalamu na kutuunganisha na mikopo, ndivyo vilivyotufikisha kwenye ekari 30 Chamazi.

Tofali tulizifyatua wenyewe, zile za kufungamana. Wanawake wengi tulijifunzia palepale uwanjani. Namwambia mkuu wa Mkwajuni, hata sisi wakati ule tulionekana hatuna kitu. Mkusanyaji akipita kila siku, mara nyingi hakuondoka na hela. Aliondoka na habari: fulani anaumwa, fulani kafukuzwa na mwenye nyumba, fulani mumewe kaondoka. Kikundi kinajua cha kufanya jioni hiyohiyo. Sikatai ulichosema, ila usiifunge milango ya akiba kwa watu wako kabla hawajakataa wenyewe.

Na si kila kitu kilikwenda sawa. Kuhamia Chamazi ni mbali na mjini, wapo waliokuwa wanauza chakula bandarini wakakosa wateja, wengine walirudi kupanga Temeke. Marejesho ya mikopo ya nyumba yaliwaelemea baadhi. Nayasema ili anayetaka kuiga ajue.

Gongo la Mboto Moja

Kwa ufupi. Sisi ni kikundi cha vijana wenye ulemavu, asasi iliyokuwa inatulea ilifunga. Tulijisimamia tukaomba mkopo wa halmashauri wa asilimia 10, ule wa nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, usio na riba. Ulisimamishwa 2023, ukarudi 2024 na utaratibu mpya. Andiko lilituchosha, lakini afisa maendeleo ya jamii wa kata alikaa na sisi. Tunatengeneza sabuni ya maji. Asasi iliyofunga ilikuwa imetufundisha kuandika mihtasari ya vikao, na mihtasari ndiyo iliyoombwa kwanza.

Binti Mabibo

Niulize linalonisumbua. Asasi yetu haijafa kwa kukosa fedha, inakufa kwa mwanzilishi. Ni mtu mwema, ametoa maisha yake, kila mgeni anamjua yeye. Ila hakuna mwingine anayesaini, hakuna mwingine anayejua mfadhili yupi aliahidi nini. Tukisema lolote tunaonekana tunataka kiti chake. Mimi nilijifunza kusimama na kusema kwenye semina za Jumatano za TGNP, Mtandao wa Jinsia Tanzania, pale Mabibo, mtu yeyote anaingia, anayeuza vitumbua na mwenye shahada wanakaa benchi moja. Nikirudi ofisini kwetu nanyamaza. Waliofanikiwa kupokezana uongozi bila kugombana, mlifanyaje?

Hesabu Wazi

Binti, angalia katiba yenu kwanza. Nyingi zina ukomo wa uongozi, tatizo mkutano mkuu hauitwi. Mwombeni aitishe mkutano mkuu wa mwaka kwa ajili ya hesabu, siyo kwa ajili ya uchaguzi. Hesabu hakuna anayezikataa, na Msajili anazidai. Kwenye ajenda wekeni watia saini wa benki wawe watatu, wasaini wawili kwa pamoja. Hilo pekee litamlazimu kumfundisha mtu.

Bi Chamazi

Na mumpe kazi nyingine ya heshima kabla hamjamwondolea hiyo. Kwetu viongozi wa vikundi wakimaliza muda wanatumwa kulea vikundi vipya mitaa mingine. Mama aliyetuongoza Kurasini alienda kuwafundisha wengine kuweka akiba, na akifika huko hana cheo cha kugombania, ana daftari tupu na watu wasiomjua. Kaa naye, binti, siyo kwenye kikao. Nenda nyumbani kwake, msalimie, muulize yeye angependa kufanya nini miaka mitano ijayo. Huenda amechoka na hajapata wa kumwambia.

Binti Mabibo

Asanteni sana wakubwa zangu. Nitaenda Jumapili mchana, baada ya ibada. Katiba nimeipata, ukomo ni miaka mitatu, vipindi viwili. Nitawaletea majibu hapahapa.