Wauguzi wa kliniki binafsi hawajazi mfumo wa chanjo, tunawashawishije?

Kliniki_Sinza: Wakuu, habari za kazi. Nasimamia kliniki binafsi, chanjo tunachukua stoo ya halmashauri. Siku ya kliniki watoto ni 40 hadi 60, wauguzi wawili. Kishikwambi kipo, mfumo wa kielektroniki wa kusajili chanjo upo, lakini wanajaza kadi na kitabu namba 7 cha MTUHA (rejesta ya karatasi ya huduma za watoto) basi. Mfumo "tutaingiza jioni", na jioni wanakimbilia daladala. Niweke posho au niwe mkali?

Takwimu_Temeke: Posho ikikatika na kazi inakatika. Hesabu kwanza dozi moja inaandikwa mara ngapi: kadi ya RCH 1 (kadi ya kliniki ya mtoto), kitabu namba 7, karatasi ya tali (ya kuhesabu dozi za siku), kisha mfumo. Mara nne! Muuguzi aliyezidiwa ataacha ile ambayo hakuna anayemuuliza. Kwa hiyo anza kuiuliza: ripoti ya mwezi itoke kwenye mfumo, kitabu kiwe cha kuhakiki. Kitabu msikiache kwa uamuzi wenu, hilo ni la mratibu wa chanjo wa halmashauri.

Na hiyo "jioni" ifute kabisa. Mmoja achome, mwenzake aingize mama akiwa bado amekaa hapo na kadi. Kadi ikishatoka mlangoni, namba ya bechi na tarehe ya kuzaliwa ni kubahatisha. Wabadilishane zamu katikati ya siku, la sivyo wa kishikwambi atajiona karani.

Nesi_RCH: Naongezea, tafuta kabla ya kusajili. Aliyepata BCG (chanjo ya kifua kikuu) hospitali alikozaliwa mara nyingi yumo kama "Mtoto wa Mwajuma". Wiki ya 6 anakuja anaitwa Rayan, na safari hii namba ya simu ni ya baba. Ukimsajili upya, Rayan ana Penta 1 (dozi ya kwanza ya chanjo ya magonjwa matano) lakini hana BCG, na "Mtoto wa Mwajuma" anabaki mtoro, yaani aliyekosa dozi zake, kwenye orodha. Anza na tarehe ya kuzaliwa na jina la mama, simu iwe ya mwisho maana laini zinabadilishwa sana mjini hapa.

Vitabu vya nyuma msiingize vyote, mtawachosha bure. Mtoto ambaye bado ana dozi mbele aingizwe na historia yake yote siku anapokuja.

Kinachowavuta wauguzi ni orodha ya watoro. Kwa kitabu ni kupekua kurasa asubuhi nzima, mfumo unaitoa hapo hapo ikiwa na simu. Wape na hesabu yao wenyewe: walioanza Penta 1 wakiwa 50 na Penta 3 wakafika 42, mmepoteza asilimia 16. Ikizidi 10 kuna tatizo, na wataanza kulitafuta wenyewe.

Kliniki_Sinza: Asante dada. Naweza kuitumia orodha hiyo kuwaita wa surua-rubela wa miezi 9 na 18 siku moja? Kichupa ni dozi 10, kikishachanganywa kinatumika kwa muda wa saa sita tu, kisha kinamwagwa.

Nesi_RCH: Kuwaita pamoja ni sawa. Ila aliyejileta mwenyewe Alhamisi usimrudishe eti yuko peke yake. Fungua kichupa, mchome, dozi zilizomwagwa ziandike. Upotevu wa chanjo hiyo na BCG huingizwa kwenye makisio ya kuagiza, usiogope. Mama aliyepoteza nauli na nusu siku ya biashara huenda usimwone tena.

Takwimu_Temeke: Naunga mkono. Mawili ya mwisho. Kila muuguzi awe na nywila yake. Moja ya wote ikitumika hamtajua nani kakosea. Na picha za kurasa za kitabu zisipite kwenye makundi ya WhatsApp, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Halafu bando: mtandao ukikatika mkaingiza bila intaneti, hakikisheni kazi yote imetumwa kabla ya kukifungia kishikwambi kabatini. Kikiharibika kabla ya kutuma, siku nzima imekwenda.