Mpangaji ni jirani au mpita njia?

MADA: Kila zinapotajwa nyumba za bei nafuu hapa Mombasa, tangu Buxton ibomolewe ijengwe upya hadi mitaa mingine ya zamani ya kaunti, majirani wenye nyumba husema neno moja: mtaa utajaa wapangaji, maji yataisha, taka zitazagaa, bei ya nyumba itashuka. Wengine wanasema hiyo ni chuki tu iliyovishwa kanzu. Malalamiko haya yana msingi? Na je, mpangaji awe na sauti kwenye kamati ya jengo au ya mtaa? Anayejua aandike, asiyejua asome.

MKAAZI WA TUDOR: Mimi nasema yana msingi. Mwenye nyumba akifanya kosa hukaa nalo miaka thelathini. Mpangaji hupakia godoro kwenye mkokoteni alfajiri na deni la maji linabaki. Si tabia mbaya, ni hesabu ya kawaida: asiyekuwa na uhakika wa mwaka ujao hatoi pesa ya kuzibua mtaro wa mwaka ujao. Halafu mwaleta jengo zima la watu wa namna hiyo mara moja, kwenye barabara yenye mtaro mmoja.

FUNDI BOMBA, KISAUNI: Ndugu yangu, chukua kalamu. Jengo la nyumba 20, watu wanne kila nyumba, ni watu 80. Mtu akitumia lita 50 kwa siku, kuoga, kupika, kufua na choo, hizo ni lita 4,000. Juu pamewekwa tangi la lita 10,000. Siku ya tatu mchana limekauka. Mfereji nao Mombasa huja kwa zamu, tena mara nyingi usiku kwa presha ya kudondoka. Sasa niambie, ukiwaweka mle watu 80 wenye hatimiliki mkononi, tangi litaisha siku ya ngapi?

Kosa ni la aliyechora. Jengo la ukubwa huo linataka tangi la chini la angalau lita 30,000, ambalo ni akiba ya wiki moja, na pampu ya kupandisha. Boya la kufunga maji tangi likijaa liwe la shaba, kwa sababu la plastiki hukwama upesi. Likikwama usiku maji humwagika hadi asubuhi, na lawama huangukia "wapangaji walioacha mfereji wazi". Maji ya chumvi ya kisima yapewe bomba lake peke yake la kwendea vyooni, tena bomba la plastiki, maana la chuma huliwa na kutu ikaanza kuvuja ndani ya ukuta. Jirani wa chini akiona ukuta umelowa, anapanda kugombana na wa juu. Wote wawili hawana kosa.

BI WA MAJENGO: Ahsante fundi. Na mimi nina la kuwaambia wenzangu wenye nyumba, maana tunajisahau. Majengo, Likoni, Kisauni, wangapi kati yetu tunamiliki ukuta na bati tu, na ardhi ni ya mtu mwingine tunayemlipa kodi ya kiwanja? Hati za mwambao zilianza kuandikishwa kwa sheria ya 1908, wenye ardhi wakapata karatasi, wajenzi wakapata ruhusa ya mdomo. Kwa hiyo anayemdharau mpangaji wa chumba naye ni mpangaji wa kiwanja. Tofauti yao ni ukumbi na baraza.

Tukirudi kwenye taka na uchafu. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ilijengwa kwa jamaa moja, tuseme watu wanane, na shimo la choo likapimwa hivyo. Ukikodisha vyumba vyote kwa watu watatu watatu, ni watu 18. Shimo la kujaa kwa miaka mitano sasa linajaa kwa miaka miwili na ushee. Mabomba ya majitaka hayafiki sehemu kubwa ya mitaa hii, na lori la kunyonya halipiti kichochoroni. Chini nako ni mwamba wa matumbawe wenye matundu. Kinachovuja kinateremka hadi kwenye kisima cha jirani. Hapo nani mchafu, aliyekodi chumba au aliyekodisha sita bila kuchimba shimo la pili?

Na stima. Vyumba sita, mita moja. Tangu Aprili 2023 bei ina madaraja: hadi uniti 30 kwa mwezi ni ya chini, 31 hadi 100 ya kati, kupita hapo ya juu. Kila chumba kikitumia uniti 25, kingekuwa na mita yake kingelipa bei ya chini. Wakiwa kwenye mita moja jumla ni 150, na wote wanasukumwa daraja la juu. Kisha tokeni ikiisha usiku wa manane wanagombana, na mtaa unasema wapangaji wana kelele.

MKAAZI WA TUDOR: Bi, hayo ya Majengo nakubali. Lakini mimi nauliza habari ya ghorofa za ruzuku, si nyumba za udongo na chokaa.

MWANASHERIA, MAKADARA: Basi tusahihishe jina kwanza. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inagawa watu kwa kipato cha mwezi: chini ya shilingi 20,000 ni nyumba za jamii, 20,000 hadi 149,000 ni bei nafuu, zaidi ya hapo ni za tabaka la kati. Wengi wanaoingia si wapangaji. Wananunua kidogo kidogo kila mwezi, na hawawezi kuuza bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Yaani wamefungwa pale kuliko wewe. Tena kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5 ya kujengea nyumba hizi, mwajiri anaongeza nyingine 1.5. Aliye na ruzuku hapa ni nani?

Kuhusu kura: Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020 inaunda shirika la jengo kwa wamiliki wa nyumba zake. Mpangaji hamo. Kamati ya mtaa ni jambo jingine, hiyo mnaiandikia kanuni wenyewe, na hakuna sheria inayowazuia kumweka. Ila ubao wa "mabachela hawatakiwi" au wa kabila fulani, soma kifungu cha 27 cha Katiba kabla ya kuutundika. Kinamfunga hata mtu binafsi.

MSIMAMIZI WA MAJENGO, KIZINGO: Mwanasheria, umesahau mahali panapouma. Sheria ya kudhibiti kodi inamlinda anayelipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Chumba gani hicho siku hizi? Wengine wote hawana baraza la kuwasikiliza haraka, ni mahakama ya kawaida. Ndiyo maana watu huhama usiku.

Na wenye nyumba nao hawaandiki mkataba. Kisa? Risiti ni ushahidi wa mapato, na kodi ya serikali kwenye mapato ya pango ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024 kwa anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Bila mkataba, dipoziti inageuka kodi ya mwezi wa mwisho, "kaa nayo, mwenye nyumba". Mpangaji akitoka, pesa ya kupaka rangi na kubadilisha koki haipo. Mgeni anaingia kwenye nyumba chafu na anaishi kama alivyoikuta.

Dawa yake ni karatasi mbili. Ya kwanza ni orodha ya vitu siku ya kuingia, chumba kwa chumba: koki, vitasa, vioo, soketi, namba ya mita, picha, sahihi za wote wawili. Ya pili iseme dipoziti hailiwi kama kodi na itarudishwa siku 14 baada ya funguo, ikikatwa kwa risiti za fundi tu. Ada ya ulinzi na taka itajwe peke yake, isifichwe ndani ya kodi, ili ajue analipia nini na aulize isipofanyika.

MKAAZI WA TUDOR: Haya, tuseme nimeelewa tangi, mita na karatasi. Mtu wa miezi minane akae kwenye kamati, apige kura tuchange laki mbili za mtaro, kisha ahame kabla ya mchango. Hilo mnalijibuje?

BI WA MAJENGO: Apige kura ya mambo anayolipia kila mwezi: mlinzi, taka, taa, zamu ya maji. Mtaro na lami waamue wanaobaki.

MKAAZI WA TUDOR: Na mwenye nyumba anayeishi Dubai miaka kumi, huyo ni wa kubaki?

FUNDI BOMBA, KISAUNI: Huyo mtaro wake ndio niliozibua juzi. Pesa alitoa mpangaji wake.