Programu ya kuwasaidia wachuuzi wa dagaa: ikisie au iulize?

Kijana wa Kibirizi
Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Nimetengeneza programu ya simu inayopokea maagizo ya sauti, kwa ajili ya wachuuzi wa dagaa hapa Kigoma, kwa sababu mtu aliyeshika ndoo na mikono imelowa hawezi kubonyeza vitufe. Wiki iliyopita mama mmoja aliiambia, "Niamshe saa kumi." Alitaka kuwahi mitumbwi inayorudi mwaloni alfajiri, simu ikahesabu kizungu na kuweka kengele ya saa nne asubuhi. Alipozinduka, wenzake walikuwa wamekwisha kununua na wengine wameanza kuanika. Nilimwomba radhi, na bado jambo hili linaniuma. Je, programu ikisie kutokana na mazoea ya mtumiaji, au iulize kila mara kabla ya kutenda? Nikiifanya iulize kila kitu, naogopa wataichoka.

Fundi wa Ujiji
Pole, ndugu yangu. Naona umechanganya makosa mawili. La kwanza halihusiani na kukisia hata kidogo: programu inayosema Kiswahili lakini inahesabu saa kizungu haijaijua lugha, basi hilo lirekebishe leo. Linalobaki ni kwamba saa kumi ziko mbili, ya alfajiri na ya jioni. Anayesema "niamshe" amekwisha kujibu mwenyewe. Anayesema "nikumbushe saa kumi nimpigie mteja" hajajibu, na huyo ndiye wa kuulizwa.

Eric Horvitz, mtafiti wa Microsoft, aliandika mwaka 1999 kwamba msaidizi wa namna hii apime faida ya kutenda dhidi ya hasara ya kukosea, na akiwa na shaka azungumze na mtumiaji. Kampuni hiyo hiyo iliweka katika Office 97 msaidizi mwenye umbo la kibanio cha karatasi, aliyejitokeza pindi mtu alipoanza kuandika barua, awe ameitwa au hakuitwa. Watu walimchoka, na toleo la 2007 halikuwa naye tena. Kwa hiyo hofu yako ina msingi, ila wengi walichoshwa na kuingiliwa bila sababu, wala si na swali moja lililokuja mahali pake.

Angalia pia, programu ikihitaji kujua kunapambazuka lini, usichukue saa za mapambazuko za Dar es Salaam. Kwetu huku magharibi jua huchomoza zaidi ya nusu saa baadaye, ingawa saa za ukutani ni zile zile.

Mama Dagaa, Katonga
Mwanangu, mimi nimeuza dagaa miaka mingi na sijui kutengeneza programu, lakini hayo mazoea unayosema yatakudanganya. Wakati wa mbalamwezi wavuvi wengi hawaendi, kwa kuwa taa haziwavuti dagaa mwezi ukiwa mkubwa. Simu ikijifunza wakati wa giza kwamba mimi huamka saa kumi, halafu ikaniamsha mwezi mpevu bila kuagizwa, nitakwenda mwaloni kutazama maji matupu. Mimi ningependa irudie tu nilichosema: "Nitakuamsha kesho Jumanne, saa kumi alfajiri." Nikisikia imekosea nitaikatiza, na nikinyamaza iendelee.

Kijana wa Kibirizi
Shikamoo mama, nakushukuru sana. Kurudia kwa sauti ndiko nitakakokuweka kwanza, na habari ya mwezi sikuwa nimeifikiria kabisa. Limebaki moja: mtu akisema "Jumanne usiku saa nane", simu hubadilisha siku saa sita usiku, lakini msemaji huenda anakusudia usiku ule ule ulioanza Jumanne jua lilipozama. Nichague upi?

Fundi wa Ujiji
Hapo usichague. Iulize, "Ni usiku wa kuamkia Jumanne au wa kuamkia Jumatano?" Ndivyo tunavyoulizana sisi wenyewe.